Ukuta wa bwawa ni wa mwenye shamba, lakini maji yake yanawafikia walio chini

NAVIUNDU, LUBUMBASHI. Mvua ya kwanza ikianguka katika tarafa ya Annexe, watu wengi wanafurahi. Vumbi linatulia, visima vinapata maji, na mama wanaolima lengalenga kando ya mto wanapumzika kubeba ndoo. Lakini kwa jamaa zinazokaa mabondeni mvua hiyo inaleta pia swali: huko juu, nyuma ya majani, kuna ukuta wa udongo wa nani, na nani ameuangalia mwaka huu?

Mabwawa madogo ya watu binafsi si kitu kibaya. Mwenye shamba anaziba kijito kwa udongo, anapata maji ya kumwagilia mboga, anafuga samaki, ng'ombe wake wanakunywa wakati wa kiangazi. Watu wanapata kazi, na soko linapata chakula. Hakuna mwenye akili atakayesema yote yabomolewe. Shida ni kwamba ukuta wa udongo unahitaji matunzo kila mwaka, na katika mengi ya mabwawa haya matunzo yanategemea tu nia njema ya mwenyewe. Akiwa na pesa na bidii, ukuta unatengenezwa. Akihama, akifa, au akiuza shamba, ukuta unabaki peke yake, na maji yanaendelea kujaa.

Hapa Lubumbashi karibu mvua yote ya mwaka, kama milimita 1200, inaanguka kati ya Novemba na Aprili. Ukuta uliokauka na kupasuka miezi sita ya kiangazi unapokea maji hayo kwa ghafla. Na ukuta wa udongo una namna zake za kufa, ambazo mafundi wa dunia nzima wanazijua.

Namna ya kwanza ni maji kupita juu yake. Kila bwawa linapaswa kuwa na mfereji wa pembeni wa kutolea maji ya ziada. Mfereji ukizibwa na majani, matope, au nyavu za kuzuia samaki wasitoroke, maji yanapanda mpaka juu ya ukuta. Yakianza kupita hapo yanakula udongo, na kwa muda mfupi ukuta mzima unaweza kwenda. Namna ya pili ni maji kupita ndani. Mchwa, panya, mizizi ya mti uliokufa na bomba lililooza vinafungua njia ndogo. Maji safi yanayotoka kidogo kidogo chini ya ukuta ni jambo la kuangaliwa. Maji yakitoka yenye matope, maana yake udongo wa ndani umeanza kutoka. Hapo hakuna tena siku ya kungojea.

Watu wa Kenya walilipia somo hili kwa bei kali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lililojulikana kama bwawa la Patel lilipasuka baada ya mvua nyingi. Lilikuwa ndani ya shamba la mtu binafsi. Maji na matope vilishuka mlimani vikafagia nyumba za watu walio chini, na zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao mama na watoto. Baadaye mamlaka ya maji ilisema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Mafundi walipokagua bwawa lingine la shamba hilohilo, maji yake yalianza kupunguzwa kwa sababu ya hatari. Kumbe kazi hiyo iliwezekana. Ilingoja tu mazishi ndipo ifanyike.

Mtu asiseme Kenya ni mbali. Tarehe 4 Novemba 2025, katika mji huuhuu wa Lubumbashi, maji yenye asidi yalitoka katika bwawa la taka la kampuni ya madini CDM yakaingia katika mitaa ya wakaaji upande wa Kasapa. Waziri wa madini, Louis Watum, alifika na kusimamisha kazi za kampuni kwa miezi mitatu. Bwawa la taka za kiwanda si sawa na bwawa la samaki: sumu yake ni nyingine, na mwenyewe ana mafundi na mashine. Lakini tuseme ukweli: ikiwa kampuni kubwa, yenye kibali na yenye kukaguliwa, imefikia hapo, nani anakagua ukuta wa mwenye shamba asiyejulikana hata na shefu wa mtaa?

Wengine watajibu kwamba kosa ni la wale waliojenga mabondeni. Jibu hilo linasikika sana katika ofisi, na ni jepesi mno. Jamaa iliyokimbia vita kutoka upande wa Mitwaba au Pweto, au iliyopoteza nyumba yake kwa maji, inafika mjini na mizigo kichwani. Inatafuta parseli au chumba ambacho pesa yake inaweza kufikia. Mahali pa bei ndogo mara nyingi ni kando ya mto na kwenye majimaji. Parseli hizo ziliuzwa na watu, na mara nyingi karatasi zilitiwa muhuri na watu. Aliyenunua hakuonyeshwa bwawa lililo juu yake. Kumwambia leo kwamba alichagua vibaya ni kumhukumu mara ya pili kwa kukimbia kwake.

Na sheria haiko upande wa jibu hilo. Kanuni ya sheria za kiraia ya Kongo, kitabu cha 3, kifungu cha 258, inasema kwa ufupi kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapaswa kuilipa. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Ukuta wa bwawa ni kitu cha namna hiyo. Tangu tarehe 31 Desemba 2015 nchi ina pia sheria namba 15/026 juu ya maji. Kwa hiyo sheria zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda juu ya ukuta kabla ya mvua, na daftari mkononi.

Kazi yenyewe haihitaji mradi wa mamilioni. Mwezi wa Septemba na Oktoba, bugumestre wa tarafa pamoja na mashefu wa mitaa wanaweza kuandika kila bwawa lililo juu ya nyumba za watu: liko wapi, la nani, ukuta una urefu gani, mfereji wa maji ya ziada uko wazi au umezibwa, na kuna nyumba ngapi chini yake. Kisha fundi wa jimbo apite kwa yale yenye hatari kubwa. Mwenye shamba apewe siku za kukata miti inayoota ukutani, kujaza mashimo ya mchwa, kufungua mfereji na kurudisha udongo uliokulwa na mvua. Majani mafupi yabaki, kwa sababu yanashika udongo. Asipofanya, maji yapunguzwe kwa gharama yake, pole pole na mbele ya fundi, si kwa kutoboa ukuta kwa jembe.

Jambo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa: kuwaambia watu. Kila bwawa liwe na mlinzi usiku wa mvua kubwa, na mlinzi awe na namba za simu za watu walio chini. Radio za mitaa zitangaze. Kanisa lina kengele, msikiti una kipaza sauti. Jamaa zijue mapema kilima gani ni cha kukimbilia, na nani atamshika mzee asiyetembea. Bonde likiwa limelala, hata dakika kumi za onyo ni maisha ya watoto.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Anayeona maji ya matope yakitoka chini ya ukuta, ufa mpya, au mahali ukuta umebonyea, asiishie kusimulia kisimani. Amwambie mwenye shamba, kisha shefu wa mtaa. Wakikaa kimya, jirani waandike barua kwa bugumestre na waweke kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo haizuii maji, lakini inazuia kiongozi kusema kesho kwamba hakuambiwa.

Mwenye bwawa anavuna samaki na mboga, na ni haki yake. Jamaa za Naviundu na mabonde mengine ya Annexe hazimwombi agawane mavuno. Zinataka aangalie ukuta wake kabla ya Novemba, na serikali ihakikishe ameuangalia. Ikiwa hilo ni kubwa mno kwake, basi bwawa lenyewe ni kubwa mno kwake.