Tarehe Iliyo Chini ya Mukebe



Kila mutu hapa shuleni anajua kusoma. Lakini sisi wa kilasi ya tano tumetambua kwamba kuna maandiko mafupi ambayo hatuyasomaka, hata kama tunayashika mukononi kila juma: ile tarehe iliyopigwa chini ya mukebe au mugongoni mwa pakiti. Tumechukua kalamu kwa sababu ya maandiko yale, na kwa sababu ya jambo moja ambalo lilitutia haya.

Siku ya posho moja tulitumwa mujini Bukavu, watu wane. Mwenzetu mumoja wa interna alikuwa ametoka hospitali, na kilasi ilichanga franga ili anunuliwe maziwa ya unga na biskwiti. Tuliingia katika alimentasio moja kubwa. Jina lake hatulisemi, maana hatuandiki hapa ili kuharibu jina la mutu. Mumoja wetu, ambaye ni mwenye mashaka sana, aligeuza mukebe wa maziwa akasoma. Tarehe ilikuwa imepita miezi miwili. Tukageuza mingine. Juu ya etajeri ile tulihesabu mikebe kumi na mumoja, na saba ilikuwa perime. Pembeni yake palikuwa maziwa ya watoto wachanga: tuligeuza mine, na miwili ilikuwa imepita vilevile.

Tulifanya nini? Tulianza kubishana kwa sauti ya chini. Mumoja alisema tuite watu wote waone. Mwingine alisema ni mambo ya wakubwa, sisi ni wanafunzi tu. Mwishoni tulitafuta mukebe muzuri nyuma kabisa, tukalipa, tukatoka. Tulipokuwa kwenye kesi, tulimuona mama mumoja mwenye mutoto mugongoni akinyoosha mukono kwa maziwa yale ya watoto. Alichukua mukebe wa mbele, akautia katika kikapo chake. Hakuugeuza. Na sisi tulinyamaza.

Magaribi wakati wa kujifunza hakuna hata mumoja wetu aliyeweza kushika kitabu. Tulikuwa na akili ya kujichagulia mukebe muzuri, lakini hatukuwa na akili ya kumuambia mama yule neno moja. Hatujui aliuzisha nani kosa lile, ni patroni, ni mufanyakazi, ao ni sisi tulioona. Tunajua tu kwamba siku ile watu waliojua walikuwa wane, na wote wane tulifunga kinywa.

Posho iliyofuata tulirudi. Tulimukaribia dada aliyekuwa anapanga vitu kwenye etajeri, tukamuambia: «Yaya, samahani, mikebe hii iko perime.» Aliangalia kushoto na kuume, kisha akasema: «Bana yangu, musiseme kwa nguvu. Nikiipeleka kwa patroni ataikata ku mushahara yangu. Atasema ni mimi nilisahau kuiweka mbele iuzwe mapema. Niko na watoto wa kulisha.»

Neno hili lilitushangaza. Tulizani wafanyakazi wananyamaza kwa sababu ya wivi. Kumbe, wengine wananyamaza kwa woga. Kama hasara ya mukebe inamuangukia yule anayeuonyesha, nani ataonyesha? Ni afazali kwake asiuone. Kwa hiyo hatukumuacha peke yake. Tulimuomba atuitie mukubwa wake, na tulisema sisi wenyewe: «Papa, tunaomba ruhusa. Hatukuja na ubaya. Sisi ni wanafunzi, tumeona tarehe hizi, na tumezani kwamba pengine hamujaziona.» Alikasirika kwanza, akauliza: «Ninyi mumetumwa na nani?» Tukajibu kwamba hakuna aliyetutuma. Alisoma mukebe wa kwanza, akasoma wa pili, akanyamaza. Kisha akaita kijana mumoja aitoe yote na kuipeleka nyuma. Hakusema asante. Lakini juma lililofuata etajeri ile ilikuwa safi, na yule Yaya alitusalimia kwa kucheka.

Sasa wasomaji watauliza: tarehe hizi zina maana gani hasa? Hapa inafaa tuseme wazi, maana kuna namna mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Namna ya kwanza ni ile inayosema kwa Kifaransa «à consommer jusqu'au». Huu ni mupaka wa kweli. Unaandikwa juu ya vyakula vinavyoharibika upesi: nyama, samaki, maziwa yasiyo ya unga, na vingine vya frigo. Ukipita, chakula kinaweza kumugonjesha mutu hata kama hakina harufu. Namna ya pili inasema «à consommer de préférence avant». Maana yake mutengenezaji anaahidi utamu na uzuri mupaka siku ile. Biskwiti, mchele, makaroni, sardini za mukebe ziko katika fungu hili. Zikipita kidogo, na kama zilichungwa pakavu na pakiti haikupasuka, mara nyingi haziui mutu. Zinapoteza utamu tu. Kuna vitu ambavyo sheria za Codex Alimentarius, ile komisioni ya FAO na OMS iliyoanza mwaka 1963, hazivilazimishi kuwa na tarehe: chumvi, sukari kavu, siki. Basi mutu asikimbie na kilo ya chumvi akipiga kelele.

Lakini maziwa ya watoto wachanga ni jambo lingine. Mutoto asiyenyonya anaishi kwa mukebe ule tu. Tarehe ikipita, vitamini zinaendelea kupunguka, na mafuta yanaanza kuharibika. Mama anazani amemulisha mutoto, kumbe amemupa nusu. Ndiyo sababu maziwa ya namna hii hayapashwi kuuzishwa baada ya tarehe, hata siku moja.

Na mukebe uliovimba, tarehe iwe nzuri ao mbaya, usiguswe. Kuna mikrobe, jina lake Clostridium botulinum, inayoishi pasipo hewa ndani ya mukebe na kutoa sumu inayolegeza viungo vya mutu mupaka pumzi inakatika. Usionje ili kujua. Tena wengine wanasema: «Tutachemusha, itaisha.» Hapana. Sumu ya mikrobe nyingine, kama ile ya Staphylococcus, inabaki hata baada ya kuchemusha. Moto unaua mikrobe, lakini si kila sumu ambayo mikrobe imekwisha kuacha.

Angalieni pia namna ya kuandika. Vitu vyetu vinatoka inchi nyingi. 04/07 kwa desturi ya Ufaransa ni tarehe 4 ya mwezi wa 7. Kwa desturi ya Marekani ni tarehe 7 ya mwezi wa 4. Herufi MFG ni siku ya kutengenezwa, EXP ni siku ya mwisho. Na ukiona tarehe imekwanguliwa, ao etikete moja imebandikwa juu ya nyingine, acha kitu kile pale pale.

Sababu ya mambo haya ni nini? Wengine wanasema ni ubaya wa wachuruzi. Pengine, lakini si wote. Fikirini njia. Mukebe unatoka ng'ambo kwa meli, unashuka Mombasa ao Dar es Salaam, unangoja bandarini, unapanda kamio, unapita mipaka miwili ao mitatu kabla ya kufika kwetu. Kila kituo kinakula siku za uhai wake. Ukifika Bukavu, umekwisha kuzeeka. Kisha kuran inakatika, frigo inapata joto, na mtindi ambao tarehe yake ni nzuri unaharibika mbele ya tarehe. Ni kweli, serikali yetu iko na OCC, iliyoundwa mwaka 1974 na kuitwa wakati ule OZAC, kwa kupima vitu vinavyoingia. Lakini mukebe unaoingia muzuri mwezi wa kwanza unaweza kuwa mubaya mwezi wa sita, juu ya etajeri, na siku ile mpimaji hayupo. Aliyepo ni muuzishaji, na munuuzi. Ni wewe na mimi.

Kuna sababu ingine ndogo. Wapangaji wanatia vitu vipya mbele kwa kuwa ni kazi nyepesi, na vya zamani vinasukumwa nyuma vikae miaka. Ao tena munuuzi mwerevu anachimba nyuma apate kipya, kama sisi tulivyofanya, na cha zamani kinamungoja mutu asiyejua. Sheria nzuri ya duka ni hii: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Na kilichopita kiondolewe kabla munuuzi hajakiona.

Tumesikia majibu ya wenzetu. Wa kwanza alisema: «Watu wako na njaa, na vitu vya perime vinauzishwa bei chini. Mukiviondoa, maskini atakula nini?» Neno hili ni zito, hatulizarau. Nasi tunajua njaa. Lakini tunajibu: kama ni biskwiti iliyopita juma moja, muuzishaji aseme wazi, apunguze bei, na munuuzi achague akiwa anajua. Kumuficha maskini tarehe si kumuhurumia. Akigonjwa, dawa itakula franga zaidi kuliko zile alizookoa, na mwenye kuuzisha hatakuja kumulipia hospitali.

Wa pili alisema: «Maharagi na mihogo ya sokoni hayana tarehe, na babu zetu waliishi.» Ni kweli. Lakini muhogo unajionyesha wenyewe: unaushika, unaunusa, unaona ukungu. Mukebe umefungwa. Hauna kinywa kingine isipokuwa tarehe ile.

Wa tatu alisema: «Mwanafunzi kumuambia mutu muzima kosa lake ni kukosa adabu.» Hapa tunasema hapana, kama tunasema kwa njia njema. Tumefundishwa katika Matayo 18 kwamba ndugu akikosa, unamuendea kwanza ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, unachukua mumoja ao wawili. Ni nyuma tu jambo linatoka mbele ya wote. Njia hii inafaa hata mbele ya etajeri. Kwanza, useme kwa upole na mukebe mukononi, pasipo kuita mutu mwizi, maana pengine hakujua. Usimushitaki mufanyakazi mudogo mbele ya watu. Umusaidie kusema na mukubwa wake. Asiposikia, urudi na mutu muzima, mwalimu ao muzazi. Na kama vitu vya hatari vinabaki palepale, wakubwa wapeleke habari kwa watu wa serikali wanaoangalia afya na biashara. Lakini kama mama amekwisha kuweka mukebe ule katika kikapo chake, usingoje taratibu yoyote. Umuambie papo hapo: «Mama, geuza usome.» Hilo ndilo neno tulilokosa.

Sasa tuseme sehemu iliyo ngumu zaidi kwetu. Tuliporudi shuleni na kiburi chetu, mumoja wetu aliuliza: «Na kantini yetu?» Wasomaji munajua kwamba kantini ya interna inashikwa na wanafunzi, na mwaka huu ni zamu ya kilasi yetu. Tulifungua kabati. Ndani ya karto ya chini tulikuta pakiti kumi na nne za biskwiti zilizopita miezi mitatu, na tulikuwa tumekwisha kuuzisha za karto ileile kwa wadogo wetu wa kilasi ya kwanza. Hakuna mutu aliyetuambia, maana hakuna aliyesoma. Tulikuwa kama yule patroni, na hatukuwa na njia ndefu ya Mombasa ya kulaumu.

Tulimuendea ekonome tukamueleza. Alituuliza nani atalipa. Tulijibu: hasara iwe ya sanduku la kantini, si ya mwenzetu aliyeziona, ili kesho asiogope kusema tena. Alikubali. Kwa wadogo wetu walionunua, tunaomba msamaha hapa mbele ya wote. Mwenye kuwa angali na pakiti ya karto ile airudishe, atapewa franga zake.

Tunatoa mashauri matatu. Moja: kila posho ya kwanza ya mwezi, delege wawili wa kilasi tofauti wapime tarehe zote za kantini na za depo ya jikoni, wakiandika katika kaye. Mbili: walimu wa biolojia na wa Kifaransa watusaidie kufundisha kilasi ya kwanza na ya pili kusoma etikete, maana wao ndio wanaotumwa dukani na mama zao wakati wa likizo. Tatu: anayeonyesha kitu kibaya asilipishwe kamwe, hapa shuleni kwanza, na kesho katika maduka ambayo baazi yetu tutakuwa wenyewe wake.

Mwenzetu mugonjwa amepona, anacheza mupira. Mama yule mwenye mutoto hatujamuona tena, ingawa kila tukishuka mujini tunamutafuta kwa macho.

Sisi, wanafunzi wa kilasi ya tano.