Kabla ya kumnunulia bibi TV, jaribu rimoti ya dukani

Kijana akishapata kazi mjini na mshahara wa maana ukaanza kuingia, zawadi inayomjia akilini upesi ni TV mpya ya kupeleka nyumbani. Ni zawadi poa. Na vile Afcon ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, zitanunuliwa nyingi zaidi. Shida ni kwamba wengi wetu hununua kwa macho: ni inchi ngapi, ni 4K, ina YouTube? Swali la rimoti hatuulizi, na mara nyingi hilo ndilo linaloamua kama zawadi itatazamwa au itafunikwa kitambaa pale sebuleni.

Chukua safari ya Mkwiro. TV inanunuliwa Mombasa, inavuka feri ya Likoni, inapakiwa kwenye matatu hadi Shimoni, halafu inaingia botini kuelekea Kisiwa cha Wasini. Kisiwani hakuna magari, kwa hiyo kutoka ufuoni inabebwa mkononi. Jioni nyumba inajaa majirani. Wewe unaunganisha waya, unatafuta chaneli, kila mtu anakusifu. Siku tatu baadaye unarudi kazini. Wiki mbili hazijaisha, bibi anapiga simu: "Mjukuu wangu, ile TV yako imekataa."

TV haijakataa. Rimoti ndiyo imekufa. Mtoto ameitumbukiza kwenye ndoo, au hewa ya chumvi imekula zile springi za betri. Mjini ungeshuka chini kwa fundi ukapata nyingine kabla chai haijapoa. Mkwiro ni boti tena, na pengine gari hadi Ukunda, nauli ya kwenda na kurudi, kutafuta rimoti ya modeli ambayo huenda muuzaji hajawahi kuisikia.

Ndiyo maana tunasema hivi: TV ya kupeleka nyumbani ipimwe kwanza kwa rimoti ya bei nafuu, ile ya TV zote ambayo watu huiita yunivaso. Ikiwa TV haisikii rimoti hiyo, iache hapo hapo dukani, hata kama picha yake inang'aa vipi.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Rimoti ya kawaida huongea na TV kwa miale ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kitaa kidogo kilicho mbele yake humetameta kwa kasi, kwa kawaida karibu mara 38,000 kwa sekunde, na mpangilio wa kumeta huko ndio amri: ongeza sauti, badilisha chaneli. Kila kampuni ina misimbo yake. Yunivaso ni rimoti iliyojazwa misimbo ya kampuni nyingi. Unaiwekea namba ya TV yako kutoka kile kikaratasi chake, au unaiacha ijaribu msimbo mmoja baada ya mwingine hadi TV iitikie.

Mambo yamebadilika na TV smati. Rimoti nyingi zinazokuja nazo, hasa zile unazoziamrisha kwa sauti, hutumia Bluetooth, na lazima zioanishwe na TV kwanza. Yunivaso ya bei nafuu haina Bluetooth. TV smati nyingi bado zina jicho la infraredi, kwa hiyo yunivaso inaweza kuwasha, kuzima na kuongeza sauti. Ila ukigusa menyu au programu za video, unaweza kupata kimya. Vile vijiti vya kuchomeka kwenye tundu la HDMI navyo, vingi havina jicho hilo kabisa.

Kwa hiyo nunua yunivaso kwanza, TV baadaye. Ni shilingi mia chache tu. Tia betri, kisha ijaribu kwa kamera ya simu: elekeza kitaa cha rimoti kwenye kamera ya mbele, bonyeza kitufe, na kwa simu nyingi utaona mwanga wa zambarau au mweupe. Hapo unajua rimoti ni nzima. Kisha ingia dukani nayo na uombe TV iwashwe.

Jaribu vitu vitano ukiwa umesimama mbali kama kutoka kochi hadi ukutani: kuwasha na kuzima, sauti, chaneli, kubadilisha tundu la kuingizia picha, na mishale pamoja na kitufe cha kukubali. Hicho cha tundu usikisahau. Mtoto akikibonyeza kwa bahati mbaya, TV inahamia HDMI ya pili, skrini inakuwa nyeusi, na nyumba nzima inaamini imeungua.

Kisha chomoa waya wa umeme na uurudishe. Kuna TV zinazorudi moja kwa moja kwenye chaneli ya mwisho, na kuna zinazobaki zimelala zikingoja rimoti, au zinazofungua ukurasa wa kuomba intaneti. Kwa nyumba inayotegemea sola, ambapo betri inaweza kukata katikati ya taarifa ya habari, tofauti hiyo ni kubwa. Muulize muuzaji kama mpangilio huo unaweza kubadilishwa, na aubadilishe ukiona.

Papasa pia TV yenyewe. Ina vitufe vyake, au ni kimoja tu kilichofichwa chini? Na je, ina king'amuzi ndani, cha DVB-T2, mfumo tunaoutumia Kenya kwa matangazo ya kidijitali ya angani? Kikiwemo, chaneli za bure za angani zinapatikana kwa antena na rimoti moja. Kisipokuwemo, bibi atakuwa na rimoti mbili, moja ya TV na moja ya king'amuzi, na kila siku atashika ile isiyofaa.

Utasema, si kuna app ya simu? Ipo. Lakini nyingi zinataka simu na TV ziwe kwenye wifi moja, na bibi anatumia kabambe. Simu yako ya Redmi yenye infraredi inaweza kufanya kazi ya rimoti vizuri sana, ila unarudi nayo mjini.

Hatusemi TV smati ni mbaya. Kwako bedsitter, nunua inayokufurahisha. Hata ya nyumbani inaweza kuwa smati, mradi mambo matano tuliyotaja yanakubali rimoti ya kawaida. Na kabla hujaondoka, mwachie bibi yunivaso moja iliyokwisha kuwekwa msimbo, na namba ya msimbo uibandike nyuma ya TV kwa selotepu. Kisha mwache aiwashe mwenyewe mara tatu, wewe mikono ukiwa umeiweka nyuma.

Wauzaji nao wana deni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Ndani ya boksi kuna karatasi za lugha tele, lakini nje hakuna mstari unaosema wazi kama TV inakubali rimoti ya infraredi au la. Tunataka mstari huo uandikwe. Na duka linalokataa mteja ajaribu rimoti yake kabla ya kulipa, mteja alipite aende la pili.

Huenda mtu akaona tunakuza jambo dogo. Lakini fikiria mzee ambaye maisha yake yote amevua samaki, amelea watoto na wajukuu, hajawahi kumwomba mtu amfungulie redio. Leo anakaa mbele ya skrini kubwa akingoja mtoto wa darasa la nne atoke shule ndipo asikilize habari. Hajalalamika, kwa sababu zawadi imetoka kwako na hataki kukuvunja moyo. Atakwambia tu kwamba siku hizi hapendi TV.

Ukisikia hivyo, usiamini haraka. Muulize rimoti iko wapi.