Mhuri wa Ofisi Haukai Mfukoni mwa Fundi

Imekuwa kama desturi katika baadhi ya ofisi za umma kuhamisha seva ya barua pepe Ijumaa jioni, na Jumatatu lawama zote kuutupia mtandao. Mwalimu anayesubiri barua ya uhamisho huambiwa avute subira. Huo si ukweli, bali ni uzembe uliovikwa vazi la utaalamu.

Tangu mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS, kompyuta hutafutana kwa majina. Mwaka 1986 ikaongezwa rekodi ya MX, inayotangaza ni seva ipi inayopokea barua za ofisi fulani. Nakala za rekodi hiyo huhifadhiwa na seva nyingine kila mahali, kwa muda anaoupanga mwenye jina; mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Fundi asiyepunguza muda huo mapema, kisha akabadili rekodi leo, anapaswa kujua kwamba barua nyingine zitaendelea kwenda kwenye seva ya zamani hadi kesho. Akiizima papo hapo, zinakosa pa kuingia. Akiiacha bila kuzihamisha, zinarundikana katika masanduku yasiyofunguliwa na mtu. Ni kweli kwamba seva zinazotuma hujaribu tena kwa siku kadhaa, lakini tangu lini bahati ikawa mpango wa kazi?

Wapo hata wanaoandika namba ya IP ndani ya MX badala ya jina, kinyume cha kanuni. Wengine husahau kuitaja seva mpya katika rekodi ya SPF, na barua halali za serikali hupokelewa kama za matapeli.

Zito kuliko yote ni hili: jina la ofisi ya umma ni mali ya umma, lakini zipo ofisi ambazo nywila ya kubadilishia rekodi zake imo mikononi mwa mkandarasi aliyekwisha kulipwa na kuondoka. Siku ya kuhama, ofisi nzima humbembeleza mtu mmoja ili iruhusiwe kutumia jina lake yenyewe. Je, mkuu gani wa ofisi angekubali mhuri ulale nyumbani kwa mtu binafsi? Anayejibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi anakwepa wajibu wake. Mhuri na ufunguo wa kasha huandikwa katika daftari la makabidhiano. Nywila hiyo nayo iingizwe humo, na fundi asiguse seva kabla hajakabidhi orodha ya rekodi zote zitakazobadilishwa, ikiwa na sahihi yake.