Ziwa Lirudipo Kudai Ufuko Wake

Msomaji mpenzi, wewe unayekaa Karema, au Ikola, au Kapalamsenga, leo tuzungumze habari za ziwa lako. Nanyi wa Mpanda msigeuze ukurasa, maana habari ya paa itakayofuata yawahusu ninyi pia.

Wazee wa Karema waijua habari ya boma la Kapteni Cambier, yule Mbelgiji aliyelianzisha mwaka 1879, na ambalo lilikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Siku lilipojengwa, ziwa lilikuwa karibu kabisa. Miaka michache tu ikapita, maji yakaondoka, boma likabaki mbali na mawimbi, na mbele yake mchanga mkavu.

Sababu yake nini? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, karibu na Kalemie. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta mlango ule umezibwa kwa matope na majani, na ziwa likizidi kupanda. Mnamo 1878 maji yakakivunja kizuizi kile, ndipo ziwa likaanza kushuka, na kabla karne ile haijaisha lilikuwa limeshuka kadiri ya mita 10. Mita kumi, ndugu yangu! Pima kwa macho mwembe mkubwa, ndipo utaelewa.

Basi ziwa halikutulia. Mvua kubwa za miaka ya 1961 hata 1964 zililipandisha tena. Kisha likashuka, watu wakasahau. Tangu mwaka 2020 limepanda upya, na mwaka 2024 liliingia katika mitaa ya Bujumbura na Kalemie, wakubwa kwa wadogo wakahama na mikeka yao. Wataalamu watuambia kwamba dunia ikizidi kupata joto, hewa huchukua mvuke mwingi zaidi, na mvua ikija huja kwa fujo. Tena ziwa hili halina haraka ya kupungua. Maji yake mengi huondoka kwa kukaushwa na jua, si kwa Lukuga. Kwa hiyo mvua kubwa za mwaka mmoja waweza kukaa nazo miaka kadhaa.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Ziwa likishuka, ufuko mpya ni mzuri, una rutuba, na ni karibu na mtumbwi. Kila mtu apataka. Baba akata kiwanja, ajenga nyumba, achimba choo, na hatua chache mbele achimba kisima. Kwa muda hakuna shida. Siku ziwa lirudipo, choo na kisima huwa kitu kimoja chini ya maji, na mtoto hunywa humo.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema, lakini mimi naona haitoshi kwa ufuko ulio tambarare, maana mita 60 za mwaka wa ukame zaweza kuwa ndani ya maji mwaka wa gharika. Mwulize mzee aliyeyaona maji ya mwaka 1964 yalifika mti gani, au jiwe gani. Pale weka alama. Mvuvi hawezi kulala mlimani na mtumbwi wake uko chini, hilo nalijua. Kibanda cha nyavu na kikae ufukoni. Lakini choo, kisima, ghala na kitanda cha watoto viwe juu ya alama, na choo kiwe mbali na kisima, walau mita 30, tena upande wa chini.

Usiseme, "Ziwa ni kubwa, uchafu hupotea." Mwezi wa Mei mwaka 2015, wakimbizi maelfu kutoka Burundi walijaa Kagunga, ufukoni huko Kigoma. Ziwa lilikuwa mlangoni pao, wakanywa humo. Kipindupindu kikaingia, kikawapata watu zaidi ya 3,000, na watu kama 30 wakafa. Kufa kwa maji machafu ukitazama maji upeo wa macho!

Huko Pemba kiko kisiwa kidogo, Kokota, ambako watu wamezungukwa na bahari na maji matamu ni haba. Wao wamejifunza kukinga mvua ya mapaa. Je, sisi tunaopata mvua ya milimita 900 au zaidi kwa mwaka tutashindwa? Fanya hesabu pamoja nami. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 yapokea lita 36,000 kwa mwaka. Watu sita, kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kila mmoja, watahitaji lita 5,400 kwa siku 180 za kiangazi. Hiyo si hata sehemu moja ya sita ya mvua unayoiacha ichimbe ua wako.

Tangi kubwa ni ghali, najua. Nyumba tatu zaweza kuchanga, au waanze na paa la shule. Aliye na pipa moja na aanze na pipa moja, awatengee watoto wadogo na wagonjwa. Lifunikwe vizuri, mbu wasizae humo. Ayateke kwa bomba la chini, si kwa kutumbukiza kata. Na ya kunywa yachemshwe. Novemba mvua zikianza, acha maji ya kwanza yapite, kwa kuwa paa limejaa vumbi na mavi ya ndege. Bati likisha kuoshwa, ndipo usogeze pipa.