Marekani: Vyama Vingi kwa Jina, Viwili kwa Kanuni

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia hapa nchini, huzuka vigogo wanaotuhubiria kwamba taifa lililokomaa kisiasa huwa na vyama viwili tu, na shahidi wao mkuu ni Marekani. Mwaniaji wa tatu, wanatuambia, ni mpasua kura; na anayejisimamia bila chama ni mpoteza wakati wa umma. Twawajibu bila kumung'unya maneno: ama hawajaisoma historia ya Marekani, ama wameisoma wakaificha. Wananchi wa Marekani hawakuulizwa kamwe kama wanataka vyama viwili. Wamefungiwa ndani ya viwili, na funguo zinashikwa na hao hao wawili.

Kufuli la kwanza ni hesabu. Mnamo Novemba 1992 tajiri wa Texas, Ross Perot, aliwania urais bila chama. Alipata zaidi ya kura milioni 19, yaani asilimia 18.9 ya kura zote. Karibu mtu mmoja katika kila watano waliopiga kura alimchagua yeye. Lakini walipohesabiwa wajumbe 538 ambao, kwa mujibu wa katiba yao, ndio humchagua rais, Perot hakupata hata mmoja. Bill Clinton, kwa asilimia 43 ya kura, alijizolea wajumbe 370. Sababu ni kwamba katika majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Kura za wengine huwa kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Tena hesabu hiyo haiwadhulumu wote kwa kipimo kimoja. Mwaka 1948 Strom Thurmond aligombea kwa kutetea utengano wa rangi. Mwaka huo huo Henry Wallace, aliyewahi kuwa makamu wa Rais Franklin Roosevelt, aligombea akiupinga utengano huo. Kila mmoja alipata takriban asilimia 2.4 ya kura. Thurmond alipewa wajumbe 39, Wallace akarudi nyumbani mikono mitupu. Kura za Thurmond zilirundikana katika majimbo machache ya kusini, na za Wallace zilitawanyika nchi nzima. Mfumo huu basi humtuza mwenye ngome ya kimaeneo na kumwadhibu anayezungumza na taifa lote. Wakenya wanaojua siasa za ngome zimetugharimu nini hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia jambo hilo.

Kufuli la pili ni karatasi ya kura. Marekani haina sheria moja ya kuidhinisha waniaji wa urais. Kila jimbo hutunga masharti yake, na wanaoyatunga ni wabunge wa vyama vile viwili. Mwaka 1968 jimbo la Ohio lilitaka chama kipya kilete sahihi 433,100 miezi mingi kabla ya uchaguzi. Gavana wa zamani wa Alabama, George Wallace, alikwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikayafuta masharti hayo. Ohio haikujifunza. Mwaka 1980 ilimtaka mwaniaji huru John Anderson awe amejiandikisha kufikia tarehe 20 Machi, hali vyama vikubwa vingewateua waniaji wao rasmi miezi kadhaa baadaye. Mahakama ya chini ilimwokoa mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikaja kukubaliana nayo 1983, majaji watano dhidi ya wanne. Lakini mwaka 1997, katika kesi iliyotoka Minnesota, mahakama hiyo hiyo ilishikilia kwamba jimbo laweza kuweka kanuni za kadiri zinazovipendelea vyama viwili vya jadi, kwa hoja ya kulinda uthabiti wa siasa. Sisi tuliokulia katika Kenya ya chama kimoja twaijua hoja hiyo ya uthabiti. Tuliilishwa miaka mingi.

Hatumtetei George Wallace. Alijijengea jina kwa kuwakandamiza watu weusi, na mwaka huo alinyakua wajumbe 46 kutoka kusini kwa siasa za chuki. Hata hivyo, haki ya kuwa kwenye karatasi ya kura haigawiwi kwa wanaotupendeza peke yao. Kazi ya kumkataa mwaniaji mbaya ni ya mpiga kura, wala si ya karani anayehesabu sahihi.

Kufuli la tatu ni mdahalo. Hadi 1984 midahalo ya urais iliandaliwa na Umoja wa Wanawake Wapiga Kura, chombo kisicho cha chama chochote. Mwaka 1987 wenyeviti wa vyama vya Republican na Democratic waliketi pamoja wakaunda tume yao ya midahalo, na mwaka uliofuata umoja ule ukajitoa. Tume hiyo ilimruhusu Perot 1992, ikamfungia nje 1996, kana kwamba wale milioni 19 walikuwa wamekufa. Kuanzia 2000 ikaweka sharti la asilimia 15 katika kura za maoni. Maana yake ni kwamba ili usikike, sharti uwe umekwisha kusikika. Mwaka 2024 tume iliwekwa kando na mdahalo wa Juni ukaandaliwa na kituo cha CNN, lakini sharti la asilimia 15 lilibaki lile lile, na Robert F. Kennedy Mdogo, aliyekuwa akiwania bila chama, hakupanda jukwaani.

Yaliyompata Kennedy mwaka huo yatosha kuonyesha jinsi kanuni hizi zisivyojali matakwa ya mtu. Mahakama ya New York ilimwondoa kwenye karatasi ya kura kwa sababu ya anwani ya makao aliyoandika. Mwezi huo huo wa Agosti alisitisha kampeni na kumuunga mkono Donald Trump, akaomba jina lake liondolewe Michigan na Wisconsin. Huko alikataliwa. Alipotaka kuingia alizuiwa, na alipotaka kutoka alizuiwa pia.

Sasa tuikabili hoja wanayoitegemea zaidi wapinzani wetu: hoja ya mpasua kura. Mwaka 2000 George W. Bush alishinda Florida, na pamoja nayo urais, kwa tofauti ya kura 537. Ralph Nader wa Chama cha Green alikuwa amepata kura 97,488 jimboni humo. Tangu siku hiyo Nader ameitwa mwizi wa ushindi wa Al Gore. Twauliza: kura hizo ziliandikishwa lini kuwa mali ya Gore? Kura ni ya mwenye kuipiga. Na kama kweli iliumiza kwamba walio wengi waligawanyika, mbona sheria haikubadilishwa ili mshindi apate zaidi ya nusu ya kura za jimbo? Badala yake, uchaguzi wa 2004 ulipowadia, mawakili wa upande ulioshindwa walizunguka jimbo hadi jimbo wakipinga jina la Nader. Pennsylvania aliondolewa kwa sahihi zilizosemwa kuwa na kasoro, kisha akatozwa gharama za kesi zaidi ya dola 80,000. Daraja lilikuwa bovu, wakamshtaki aliyepita juu yake.

Na lawama hiyo si ngeni. James Birney wa Chama cha Liberty, kilichopinga utumwa, alilaumiwa mwaka 1844 kwamba amemnyima Henry Clay jimbo la New York. Lau wapinga utumwa wangesikiliza lawama hiyo wakanyamaza, wangebaki wakingoja hisani ya vyama vilivyouogopa mjadala wenyewe. Chama cha Republican kilizaliwa 1854, na 1860 Abraham Lincoln akawa rais kwa chini ya asilimia 40 ya kura katika kinyang'anyiro cha watu wanne. Mwaka 1892 James Weaver wa Chama cha Populist alipata asilimia 8.5 tu, akidai kodi ya mapato inayopanda kadiri ya kipato, na maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Alishindwa. Lakini kufikia 1913 katiba ilikuwa imeruhusu kodi ya mapato na kuwapa wananchi kura ya maseneta. Chama kidogo kilipanda, wakubwa wakavuna.

Tutaambiwa: je, Kenya ya 1992? Balozi wa Marekani Smith Hempstone alitupigia debe la vyama vingi tangu 1990, na tulipoupata uhuru huo tukagawanyika, Daniel arap Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura huku wapinzani wake wakiwa na zaidi ya 60. Ni kweli, na kidonda hicho twakijua. Lakini dawa yake haikuwa kuwafukuza waniaji. Katiba ya 2010 ilirekebisha hesabu: rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili. Kwa katiba iliyotangulia, asiyeteuliwa na chama hakuweza kuwania urais. Sasa raia aweza kusimama peke yake, mradi apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47.

Marekani yenyewe imeanza kujitibu, ingawa polepole. Tangu 2020 wapiga kura wa Maine huwapanga waniaji wa urais kwa nambari, na kura ya aliyeshindwa huhamia kwa chaguo lake linalofuata. Anayempenda wa tatu haambiwi tena kwamba amempa ushindi asiyemtaka.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, atakayewaambia kwamba duru ya pili ni gharama isiyo na maana, mwonyesheni Florida. Atakayeleta mswada wa kuongeza sahihi, ada au vielelezo juu ya vile katiba inavyotaka, mwulizeni kama amewahi kusikia habari za Ohio. Na wanaotaka Kenya irudishwe kwenye mapipa mawili yenye mvinyo ule ule, tukutane nao bungeni, mahakamani na debeni. Tulipigania vyama vingi. Hatukupigania viwili.