Kinoa ao masaka? Saladi ya samaki yenye pilipili



Siku ya posho yenye ilipita, kisha mukutano, mama mumoja wa kwetu alinivuta pembeni. Akafungua saki yake, akatosha paketi kidogo ya mbegu nyeupe-nyeupe. «Mama, unisaidie,» akasema. «Binti yangu mwenye iko Ubelgiji alinitumia resete mu telefone: saladi ya toni na kinoa, na pilipili ndani. Anasema itasaidia papa yake. Nilizunguka magazini ya mu muji mupaka nikapata hii kinoa. Bei, usiniulize. Nikapika muzuri. Papa akaangalia sahani, akaniuliza kama hiyo ni chakula ya kuku, akaenda kulala na njaa.»

Papa huyo, munganga alimukuta na ugonjwa wa sukari mwaka huu, na tansio yake pia iko juu. Tangu ile siku mama anapika nyungu mbili: moja ya papa, moja ya watoto. Makala inaisha mbio. Lakini kyenye kilimuumiza zaidi haikuwa makala. «Anakula peke yake, mama, sawa vile mugeni mu nyumba yake. Watoto wanakula bukari, yeye anaangalia ukuta.»

Nilimuomba siku mbili nifikiri. Leo ninawaandikia yenye nilifikiri na yenye nilipika.

Tuanze na kinoa yenyewe, juu wengine wanaiogopa na wengine wanaiona kama dawa ya miujiza. Inatoka mu milima ya Amerika ya Kusini, ku Bolivia na Peru, na wanakijiji wa kule wanaikula tangu zamani sana. Mwaka wa 2013 ONU iliufanya kuwa mwaka wa kimataifa wa kinoa, na watu wengi wa inje wakaanza kuijua. Iko na proteine mingi kuliko muchele, na iko na nyuzi zenye zinasaidia sukari isipande mbio mu damu. Hiyo ni kweli. Lakini munajua ndugu yake ni nani? Ni lengalenga! Lengalenga ile ya kila siku, yenye tunauza kwa mafungu pembeni ya barabara. Wenye kusoma mambo ya mimea wanaziweka mu jamaa moja.

ONU hiyo hiyo ilifanya mwaka wa 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa malezi, na masaka ilikuwa ndani. Mimi sikusikia kitu, juu mwaka ule nilikuwa mu kutafuta bunga. Munakumbuka vile bunga ya mahindi ilikosekana hapa Lubumbashi, vile tulikuwa tunangojea malori ya Zambia yapite Kasumbalesa, na bei ya mufuko inapanda. Inje walikuwa wanashangilia mbegu ya bababu wetu, na sisi tuko mu mustari.

Masaka, yenye wengine wanaita mutama, Walamba wa hapa waliikula mbele mahindi ikuwe mufalme. Kazi ya migodi ndiyo ilituzoeza bukari ya mahindi: Union Minière ilikuwa inapimia wafanyakazi bunga, kisha Gécamines ikaendelea. Hiyo ndiyo posho, na ndiyo maana mupaka leo tunasema «siku ya posho», hata kama hakuna mutu mwenye anapimiwa kitu. Sisemi bukari ni mubaya, mimi mwenyewe niko mutu wa bukari. Ninasema tu kama ilikuja na kazi, haikuja na Adamu. Mutu anaweza kuiacha siku mbili tatu mu juma bila kukufa.

Basi nilienda ku soko ya Kenya, nikanunua masaka nusu ya meka. Muangalie mambo mawili. Isikuwe ile yenye walishaotesha kwa ajili ya pombe. Na isikuwe yenye kupakwa rangi, pinki ao kijani: ile ni ya kupanda, iko na dawa ya wadudu, si ya kukula.

Glasi mbili zinatosha watu sita. Chagua majiwe, osha mara tatu, ulaze mu maji usiku muzima, asubui umwage ile maji. Kila glasi ya masaka, glasi tatu za maji ya mupya. Sasa tuzungumuze makala, juu mutu asikuje kunilaumu. Masaka nzima yenye haikulazwa inaweza kupita saa muzima ku moto. Mimi ninaichemusha dakika makumi mbili, ninatosha nyungu na kifuniko yake, ninaifunga mu blanketi ya zamani, ninaiweka mu kitunga, na ninaenda kufanya kazi zangu. Kisha saa mbili ninafungua: inje laini, ndani inabakia nguvu kidogo ku meno. Kama ingali nguvu sana, irudie ku moto dakika kumi. Mwaga maji yenye ilibakia, uache ipoe.

Samaki: toni ya kopo ni muzuri. Fungua vikopo viwili, mwaga maji ya chumvi ao mafuta, suza kidogo. Lakini mimi nilitumia thomson mbili. Yeye pia ni samaki wa bahari, wengi wanatoka ku Namibia, na bei yake kila mama anaijua. Nilimuchoma, sikumukaanga, nikatosha mifupa yote polepole juu ya watoto. Mafuta yake mwenyewe iko muzuri kwa moyo. Tena, mama mwenye mimba asikule toni kila siku: samaki wakubwa wa bahari wanabeba zebaki, ile sumu yenye wachimbaji wa zahabu wanatumia. Mu samaki wadogo iko kidogo zaidi.

Lengalenga fungu moja, uikate ndogo-ndogo, uitie mu maji ya moto dakika mbili, uikamue. Tomati tatu, kitunguu moja, karoti mbili za kukuna, robo ya shu. Vyote vyenye hatupike, tuvioshe na maji yenye unaweza kumupa mutoto akunywe. Kolera tunaijua hapa kwetu. Avoka moja ya kuiva uiponde, ndiyo mayoneze yetu. Ile ya kopo tuiache ku masherehe.

Sasa pilipili, na hapa ndipo nyungu inasimama ao inaanguka. Ponda pilipili mbichi mbili, kitunguu saumu punje moja ao mbili, kipande ya tangawizi. Kamua ndimu mbili, tia kijiko moja ya mafuta. Chumvi ni ncha ya kijiko tu, na kube hapana kabisa, juu kube ni chumvi yenye kuvaa nguo ingine. Mutu wa tansio ulimi yake imezoea chumvi. Ukiinyima chumvi bila kuipa kitu ingine, itakataa chakula. Pilipili na ndimu zinaidanganya muzuri. Ndimu tena inasaidia mwili kukamata madini ya chuma yenye iko mu masaka na mu lengalenga. Watoto na wenye vidonda vya tumbo, uwatoshee yao mbele ya kutia pilipili.

Changanya masaka, samaki na mboga, mwanga ile sauce juu, na mukule siku ile ile. Umeme ya kwetu tunaijua. Samaki ya kulala inje ya frigo si ya kukula kesho.

Siku ya yenga nilipeleka sahani kubwa kwa ule mama. Sikusema ni chakula ya mugonjwa. Tuliiweka katikati, watu wote wakakaa. Katoto kadogo ndiko kalianza. Papa akaangalia, akachokora na kijiko, akauliza neno moja tu: «Thomson?» Kisha akakula. Akatoka jasho ya pilipili, akakula tena. Pa mwisho akauliza bukari iko wapi, watu wote wakacheka. Mama akamuletea moja ya ukubwa wa ngumi ya mutoto, na papa hakubishana.

Wenye kuwa na mugonjwa wa sukari mu nyumba, musikie muzuri: masaka ingali wanga. Sukari inapanda polepole zaidi, lakini inapanda. Mu sahani, nusu ikuwe mboga, robo masaka, robo samaki. Na vidonge haviachwe hata siku moja juu ya saladi. Munganga peke yake ndiye anaweza kuvipunguza.

Paketi ya kinoa hatukuitupa. Tuliiosha sana mupaka povu ikaisha, juu ile povu iko na uchungu, tukaipika dakika kumi na tano, tukaichanganya na masaka. Hakuna mutu alijua. Mama alitumia binti yake picha ya nyungu moja na watu wote kuizunguka. Binti akajibu: «Mama, hii nyekundu-nyekundu ndiyo nini?» Amezaliwa Katuba, na masaka haijui.

Mwenye kuwa na masaka ya shamba yake, alete kidogo siku ya posho yenye inakuja. Tutapima ya nyeupe na ya nyekundu, tuone ni ipi inaiva mbele mu blanketi.