Wengi Wape? Si Kila Mara!

Wahenga walisema wengi wape. Mimi nasema, ngoja kwanza! Mwaka 1994, kule California, Marekani, asilimia 59 ya wapiga kura walipitisha sheria ya kuwafungia milango ya shule za umma watoto wahamiaji wasio na vibali. Ati wanamaliza kodi ya wananchi! Je, mtoto aliyevushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mamake ana kosa gani? Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kata shauri mwaka 1982 kwamba watoto kama hao wasinyimwe masomo, na marufuku ile ikazimwa mahakamani. Raia wana haki ya kulinda mipaka yao, sikatai. Lakini dawati la mtoto lisipigiwe kura. Au mwaonaje, wenzangu?